Mtu mzima ugenini na simu yake: kilichonitoa upweke siyo salamu za grupu

Mtu mzima akihamia nje ya nchi akiwa na miaka hamsini na kitu au sitini, watu wanadhani shida yake kubwa itakuwa lugha, au hali ya hewa, au kupotea njia. Hayo yapo kweli lakini yanazoeleka, lugha unaokota maneno mawili matatu unasogea nayo, hali ya hewa unavaa nguo, njia mtoto atakuonyesha mara mbili tatu utaijua. Kinachokumaliza taratibu ni kwamba hakuna mtu anayekuuliza kitu. Yaani siku nzima inaisha hakuna binadamu aliyehitaji jibu lako.

Mi ni fundi cherehani. Kabla sijahama masikio yangu yalikuwa yanasikia fundi fundi kutwa nzima, fundi kitambaa hiki kitatosha, fundi nipunguzie hapa kiunoni, fundi ulisema Jumamosi na leo Jumatatu, hata ule ugomvi ukiuangalia vizuri ni watu wananihitaji. 2016 nikahamia kwa mwanangu na mke wake kuwasaidia kulea mtoto, na ghafla nyimbo ikabadilika, ikawa mama pumzika, mama kaa, mama usijisumbue. Ni upendo sikatai, lakini kupumzika kuanzia asubuhi mpaka jioni wakati una nguvu zako ni adhabu jamani. Mjukuu alipoanza shule ndo nikajua nyumba kimya ikoje, wote wametoka, mi na friji tunasikilizana.

Sasa nataka kuongelea simu, maana wengi mna wazazi waliohamia kwenu au nyie wenyewe mmezeekea huko, na naona watu wanaongea juu juu tu, eti mpe mama simu janja atachangamka. Simu peke yake haichangamshi mtu. Inategemea anafanya nayo nini.

Kwanza tusichanganywe kapu moja. Kuna sisi tuliofuata watoto tukiwa wakubwa, na kuna waliohama vijana wakafanya kazi huko huko wakazeeka. Hawa wa pili lugha wanayo na marafiki wa hapo wanao, kilichowapotea ni watu wa nyumbani, wengine miaka ishirini hawajui mtoto wa dada yao anafananaje, kwa hiyo mtandao kwao ni kutafuta waliopotea, wanaingia Facebook wanaandika jina la rafiki wa shule ya msingi wanakuta keshakuwa bibi. Sisi wa kwanza ni kinyume, watu wa nyumbani tunao bado wa moto moto kwenye simu, ila pale tulipo hatumjui hata anayeishi mlango wa pili. Dawa ya mmoja siyo dawa ya mwingine na hapo ndo ushauri mwingi unapokosea.

Basi nikaanza na magrupu ya WhatsApp kama kila mtu. Grupu la ukoo, grupu la mtaa tuliotoka, grupu la tuliosoma pamoja, grupu la mafundi. Asubuhi unaamka umekuta maua, maombi, stika za habari za asubuhi na vidio zilizofowadiwa mpaka zimechoka, nyingine umeshazipata magrupu manne. Nilikuwa nazipenda na bado nazipenda, zile kelele za asubuhi zinakuambia kwamba watu wako wameamka. Tatizo ni kwamba kule wewe ni mtazamaji. Wanapanga mchango wanakuambia kiasi, wanapanga kikao watakutumia picha, harusi imeshaisha ndo unaiona. Huulizwi. Na hapo bado masaa yanapishana, wao wakichangamka wewe unasinzia, kuna watu wazima nawafahamu wanalala alfajiri kila siku kwa sababu wanaishi kwa saa za nyumbani, mchana wa hapa kwao ni wa kulala, na mtu wa namna hiyo hawezi kumjua jirani hata akikaa miaka kumi, maana jirani anapokuwa macho yeye anakoroma.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi. Ukiwa mbali wanakuficha. Wanajua una presha, wanajua nauli ya kurudi siyo mchezo, basi mtu anaumwa kabisa wewe unatumiwa picha za mtoto kapata cheti. Kaka yangu alilazwa nikaja kujua kwa status ya binti mmoja, kapiga selfi, nyuma kwenye kona nikaona chupa ya dripu na ile shuka naijua ya nani. Nikapiga. Aa ni uchovu tu, amepumzishwa. Uchovu wa dripu? Na mi huku nafanya yale yale, niliteleza kwenye ngazi nikavunjika mkono, muda wote huo napiga vidio kolo nimeelekeza kamera usoni, mkono uko chini ya meza umefungwa, natabasamu. Pande mbili zinachekeana kwenye kioo na kila upande umefunika lake. Halafu tunashangaa mbona tunaongea kila siku na bado moyo haushibi!

Tulichofanya mimi na dada yangu mkubwa, tulikaa tukawekeana sheria. Jambo baya linasemwa siku hiyo hiyo, linasemwa kwa sauti siyo kwa maandishi, na halisemwi kwenye grupu kabla hatujaambizana sisi wawili. Ilibidi niseme kwa ukali kidogo, nikamwambia dada, presha yangu inapanda zaidi nikijua mnanificha kuliko nikiambiwa. Kuanzia hapo maongezi yetu yakawa na uzito, maana hata akisema wote wazima nikawa naamini. Kaka alipofariki niliambiwa ndani ya saa ile. Mpwa wangu alishika simu wakati wa mazishi nikaona kila kitu, picha inakwama inarudi, na nasema wazi kuwa haifanani na kuwepo, hakuna wa kukushika bega, unalia mbele ya kioo halafu simu inaishiwa chaji. Lakini zile wiki zilizofuata, ambazo kule watu wameshatawanyika, dada alikuwa ananipigia jioni tunamwongelea marehemu, ugomvi wake, ubahili wake, tunacheka, na hiyo ndo ilinisaidia kuliko kuangalia mazishi.

Na kwenye vidio kolo kuna kitu tuligundua ambacho nawashauri wote. WhatsApp walileta simu za vidio Novemba 2016, mwaka ule ule niliohama, na mwanzo tulikuwa tunapiga kama watu wanaofanya mahojiano, umekaa kwenye kiti, umejifunga vizuri, habari za huko, nzuri, watoto, wazima, baada ya dakika tano hamna la kusema mnaanza kupunga mikono. Siku moja dada akasema subiri nikunje nguo, akaegemeza simu akaendelea na kazi, na mi nikachukua pasi nikaendelea na zangu. Ikawa hivyo. Siku hizi laini inakuwa wazi hata saa nzima, namsikia anavyofoka wajukuu, namwona anapita na ndoo, yeye anasikia pasi yangu, inapita robo saa hakuna aliyefungua mdomo halafu anauliza kutoka huko aliko, hivi yule uliyekuwa unamdai alirudisha zile picha? Hayo ndo maongezi sasa. Ndugu hawakai nyumba moja wakihojiana, wanakaa kila mtu na shughuli zake. Kama mnapiga simu kwa mzazi wenu na mnaishiwa maneno, msikate, wekeni simu mahali mfanye kazi zenu.

Sauti nazo ni nusu ya maisha yetu. WhatsApp ina ujumbe wa sauti tangu 2013 na nadhani bila hiyo watu wa umri wetu wengi tungekuwa nje ya mchezo, kuna wasiojua kusoma, kuna wanaojua ila macho yamekwisha, kuna vidole havilengi herufi. Ila kubonyeza na kushikilia pale kwenye kile kimaiki ni kazi kama mkono unatetemeka au una baridi yabisi, ukiachia kidogo imejituma nusu, hujasema kitu wameshapokea pumzi zako. Nimewafundisha wengi hii, ukishabonyeza sukuma kidole kwenda juu mpaka uone kufuli, inajifunga yenyewe, unaachia unaongea hata dakika kumi ukitembea. Na maandishi unayakuza kwenye mipangilio ya simu, hakuna haja ya kusogeza simu mbele nyuma. Vitu vidogo lakini nimeona mtu kaacha kuchati mwaka mzima, watoto wakadhani kawakasirikia, kumbe haoni tu.

(2021 wakaleta ile ya kusikiliza sauti haraka haraka mara moja na nusu au mara mbili, nikamkuta mwanangu anasikiliza ushauri wangu mzito wa ndoa naongea kama kasuku. Tulinuniana.)

Turudi kwenye kuulizwa. Kuna binti wa kwetu anaishi nchi nyingine kabisa, tulikuwa grupu moja, aliuliza kama kuna mtu anajua namna ya kubadilisha zipu ya sketi maana kule alipo kupeleka kwa fundi inamshinda. Watu wakamjibu pole dada. Mi nikamtumia sauti nikimwelekeza, hakuelewa, nikatuma nyingine, hakuelewa tena, nikaona hapa maneno hayatoshi. Nikamwambia mjukuu shika simu hapa juu ya mikono yangu, usinipige usoni, piga mikono. Nikaonyesha. Fumua zipu ya zamani kwa wembe polepole usichane kitambaa, toa nyuzi zote, halafu usikimbilie cherehani, piga bandi kwanza kwa mkono kwa uzi wa rangi tofauti ili uuone wakati wa kuutoa, ifunge zipu uangalie kama pande mbili zimelingana hapa juu kiunoni, zikipishana hata kidogo fumua bandi urudie, ni rahisi kuliko kufumua mshono wa mashine. Kisha weka ule mguu mwembamba wa cherehani wa kushonea zipu, sindano iwe upande wa meno ya zipu, na ukifika kwenye kichwa cha zipu simamisha sindano ikiwa ndani ya kitambaa, nyanyua mguu, sogeza kichwa kipite, shusha mguu, endelea. Mjukuu alikuwa anahema kwenye simu, vidio nzima inasikika pumzi yake na mwishoni anasema bibi mkono umechoka.

Ile vidio yule binti akaituma kwingine, wenzake nao wakaja, bibi na mimi hapa nimekwama, fundi suruali ya mume wangu inavuta nyuma, mama kola yangu inapinda. Tukafungua grupu. Wapo walio nchi tofauti tofauti, wengi vijana waliohama, lakini na watu wazima kama mimi wamo, kuna mzee mmoja mwanaume alikuwa anashona sare, hasemi sana ila akisema umekaa kimya uandike. Na hapo ndo maisha yangu yalibadilika, sijui nisemeje, siku yangu ikawa na ratiba. Naamka najua kuna mtu ananisubiri nimjibu. Nikichelewa wanauliza fundi yuko wapi. Asikwambie mtu, hilo swali la yuko wapi ni tamu.

Nimekaa nikajiuliza kwa nini hili grupu la watu ambao sijawahi kuwaona limenishika kuliko lile la ukoo, na jibu langu ni kwamba kule napendwa ila sihitajiki, huku nahitajika kwanza halafu mapenzi yamekuja yenyewe. Kwa mtu mzima aliyehama hiyo tofauti ni kubwa sana kwa sababu kuhama ukubwani kunakuvua kila kilichokuwa kinakufanya uitwe, unabaki mama fulani tu, tena fulani ambaye watu wa pale hawamjui. Ndo maana nasema mkitaka kumsaidia mzazi wenu msimuulize unataka kuongea na nani, muulizeni unajua kufanya nini. Awe anajua kufuma, kusuluhisha wanandoa, kupanda maua, kutengeneza redio, kuhesabu vitabu vya kikundi, mahali pa kulipeleka hilo mtandaoni papo.

Kuna mwanagrupu wetu anafundisha chuo, akatuambia kuna mwanasosholojia wa Marekani anaitwa Mark Granovetter aliandika makala mwaka 1973 akionyesha kwamba watu unaofahamiana nao juu juu ndo mara nyingi wanaokuletea habari mpya, kwa mfano za kazi, kwa sababu wa karibu yako mnajua mambo yale yale. Nikasema huyu bwana hakutania. Ndugu zangu wote wangeniambia nini kuhusu huku nilipo? Hawapajui. Aliyenielekeza darasa la lugha la bure la watu wazima ni mtu wa kwenye grupu la kushona ambaye hata jina lake kamili sikuwa nalijua. Aliyeniambia fomu fulani ya ukaazi ina msaada wa kujaziwa ni mwingine naye hivyo hivyo, tulianza kwa kuongelea sindano.

Sindano ndo ilinipatia rafiki wa kukaa naye pia. Mama mmoja aliuliza mbona sindano zake zinavunjika akishona jinsi, nikamuuliza unatumia namba ngapi, akasema 11. Nikamwambia 11 ni ya vitambaa vyepesi, jinsi inataka 16, hata 14 itahangaika ukikunja mara nne. Akasema sasa namba 16 atapata wapi huku aliko, akataja mji, nikaruka kwenye kiti, ni mji wangu! Miaka yote tuko mji mmoja tunapita barabara moja na tumekutana kwenye simu. Kwa tahadhari, mara ya kwanza tulikutana maktaba mchana, mkwe wangu alinisindikiza, maana mtandaoni mtu anaweza kuwa yeyote na umri haukulindi. Sasa yeye anakuja kwangu mimi naenda kwake, na siku ambazo mmoja hana hamu ya kutoka tunapigiana tunaacha laini wazi kama ninavyofanya na dada.

La jirani lilikuwa gumu zaidi. Jengo letu lina grupu lao, kwa lugha ya hapa, wanaandika mambo ya maji kukatwa, takataka, nani kapaki vibaya. Mwanangu alikuwa ananiambia mama hilo halikuhusu nitakusomea mimi. Linanihusu, nalala humu. Nikaomba niingizwe na mimi, nikawa nakopi ujumbe naupeleka kwenye programu ya kutafsiri nausoma, tafsiri nyingine zinachekesha lakini unapata maana. Muda mrefu sikuandika kitu. Halafu mtu akauliza kama kuna anayejua kupunguza mikono ya koti, na nilijua neno la koti na neno la mkono kutoka darasani, nikaandika mimi naweza, ghorofa ya pili. Sentensi fupi mbovu. Jioni mlango ukagongwa. Kuanzia siku hiyo wananisalimia kwenye ngazi kwa jina, na lugha niliyojifunza kwa kupima watu viuno inanikaa kichwani kuliko ile ya kitabu.

Sasa upande mwingine, msije mkadhani nawapigia mtandao debe. Matapeli wanatujua sisi watu wazima tulio mbali, wanajua tuna hamu ya watu na tunaogopa kuonekana wajinga. Kuna ule wa mama nimebadilisha namba, simu yangu imeharibika, nitumie hela haraka. Kuna ule wa kukuomba namba 6 zilizoingia kwenye meseji yako eti zimetumwa kwako kwa bahati mbaya, ukimpa tu kachukua akaunti yako anaanza kukopa kwa watu wako wote kwa jina lako. Zile namba hazipewi mtu, hata akiwa mwanao. Wekeni na ulinzi wa hatua mbili, WhatsApp wanao tangu 2017, ni pini unaitunga mwenyewe. Sisi kwenye familia tuna swali letu moja la siri ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa popote, mtu akiomba hela anaulizwa kwanza, na siku hizi ambapo hata sauti ya mtu inaigizwa na kompyuta nasema msione aibu kumuuliza hata mumeo. Kuna mama kwenye grupu letu alitapeliwa na mtu aliyejifanya anampenda, alipoteza akiba, na kilichomuuma zaidi ilikuwa watoto wake kumnyang'anya simu. Wakadhani wanamlinda, kumbe wamemfungia ndani na yale yale maumivu bila wa kumwambia. Mtu akitapeliwa msimwondoe mtandaoni, kaeni naye mrekebishe akaunti akiwa anaona.

Na kuhusu watoto kufundisha wazazi, yaani hapa nina kinyongo kidogo. Kibaya kuliko vyote ni lete nikufanyie. Anachukua simu, vidole vinakimbia, anarudisha, tayari. Tayari nini? Kesho nitakuomba tena, keshokutwa utasema mama nilishakuonyesha. Mniache nibonyeze mwenyewe, nikipotea nirudi, mjukuu ndo mwalimu mzuri kwa sababu hana haraka na akiniona nimekosea anacheka na mi nacheka. Pia msituingize kwenye kila grupu bila kutuuliza, na tukilefti msianze kupiga simu kuuliza nani kakukosea. Kuna grupu moja niliondoka kwa sababu lilikuwa siasa na matusi kutwa, moyo ulikuwa unanienda mbio, presha yangu ikashuka bila kubadilisha dawa. Hiyo ni mimi, sijasema ni tiba.

Mwaka 2020 watu wote walipofungiwa ndani kwa korona nilikuwa nacheka peke yangu, nikaona karibuni, ndo maisha ya bibi aliyehamia kwa mwanae haya. Simu ya grupu ya WhatsApp ilikuwa watu 4 tu, Aprili mwaka ule wakaongeza wakawa 8, siku hizi ni 32, na sisi tukawa tunashona pamoja jioni kila mtu na cherehani yake kwenye kioo, makelele ya mashine nane hakuna anayesikia lolote. Nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani Juni 2025 lilitoa ripoti likisema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vijana nao wamo sana, siyo sisi wazee tu. Umoja wa Mataifa nao wanahesabu wahamiaji wa kimataifa walikuwa kama milioni 304 mwaka 2024. Nikizichanganya hizo mbili kichwani nasema lazima kwenye jengo lililo mbele ya dirisha langu kuna mwenzangu mmoja anasikiliza friji.

Dada yangu mwenyewe lakini anajua kupokea vidio tu. Grupu hataki, kuandika hataki, anasema mambo ya watu wengi kwa wakati mmoja yanamchanganya, na nimemwacha. Siyo kila mtu mzima lazima awe kwenye kila kitu, yeye yuko kwake, anaulizwa asubuhi mpaka usiku, hana pengo la kuziba.

Ambaye nilimsukuma ni mzee mmoja wa ghorofa ya chini, siyo wa kwetu, naye alihamia kwa binti yake. Alikuwa anatumia Skype miaka na miaka kuongea na mdogo wake, Skype ilipofungwa Mei 2025 akawa hana namba za watu wake popote zaidi ya mle, binti yake alihangaika kuzitafuta mpaka akazipata (andikeni namba kwenye daftari, kalamu na karatasi, leo). Tunaongea kwa lugha ya hapa, yake mbovu na yangu mbovu, pakikwama tunaandika kwenye programu ya kutafsiri tunaonyeshana. Nilimuuliza ulikuwa unafanya kazi gani, akasema fundi saa, halafu akaongeza kwamba nani anahitaji fundi saa siku hizi. Binti yake akamtafutia grupu la watu wanaopenda saa za zamani, kwa lugha yao, wengi vijana wanaonunua saa za mababu wasiojua hata kuzifungua.

Juzi kagonga mlango amekunja uso, simu mkononi. Kuna mtu kwenye grupu kasema saa ya kutia ufunguo ikikwama uimiminie mafuta tu itatembea, na wengine wanamshukuru. Mzee anatetemeka kwa hasira, ananiambia mafuta yakizidi yanabeba vumbi, itasimama kabisa, inatakiwa ifunguliwe isafishwe kwanza, tone dogo kila mahali pake, tone, ananionyesha kwa ncha ya kidole. Nikamwambia si umjibu. Akasema nimejaribu mara tatu inajituma kabla sijamaliza, nionyeshe ile ya kufuli, haraka, kule kwao usiku unaingia na nataka anisikie kabla hajaenda kuiharibu saa ya watu.